Mjomba na nyangumi wa Marekani

Likizo yangu nimeimalizia Masese, Jinja, barazani kwa Bibi. Mjomba alikuwa ananyonya mifupa ya kichwa cha mputa (Watanzania mnamwita sangara) aliponiuliza, "Huko Marekani siku za mapumziko unafanya nini?"

"Naenda kutazama nyangumi, Mjomba. Orka. Nyangumi muuaji."

"Muuaji! Nawe unasimama kumtazama?"

Nikamtoa hofu. Kwetu, jimbo la Washington, ukisimama ufukweni Lime Kiln, kisiwa cha San Juan, unawaona bila hata kupanda boti. Wapo orka wanaokula sili (wanyama wa baharini wasio samaki), lakini hawa ninaowafuata mimi ni wala samaki, na hao wawili hawachangamani. Wamegawanyika makundi matatu, J, K na L, kila kundi na lahaja yake ya miito. Ukoo ni wa mama. Mtoto, awe jike au dume, haondoki: dume zima, pezi la mgongoni urefu wa mtu, bado liko ubavuni mwa mama, na mama bado analimegea samaki.

Mjomba akacheka mpaka akapaliwa. Ana miaka hamsini na sita na hajawahi kulala nje ya nyumba ya Bibi. "Kumbe mimi si mvivu," akasema. "Mimi orka."

"Wako wangapi?" akauliza.

Sensa ya Julai 2024 ilipata 73 katika makundi yote matatu. Basi moja la Mbale, na wachache wa kusimama. Mwaka 1995 walikuwa 98, na kabla ya hapo, miaka ya 1960 na 1970, makumi walikamatwa wakapelekwa kuchezeshwa kwenye madimbwi ya maonyesho. Sasa tatizo kubwa ni chakula. Wanampenda samoni aitwaye Chinook, mkubwa, mwenye mafuta, naye amepungua. Mito mingi anakozalia imezibwa.

"Kama hapa," Mjomba akaelekeza kidole liliko bwawa la Owen Falls. Baba yake alimsimulia samaki walivyokuwa wakirukia maporomoko ya Ripon, kabla maji ya bwawa hayajayafunika. Nikamwambia kwetu Washington, kwenye mto Elwha, wamebomoa mabwawa mawili ili samaki wapande tena.

"Sisi tukibomoa, tunalala giza."

Nikamwonyesha kwenye simu picha ya jike J35. Mwaka 2018 ndama wake alikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, naye akambeba juu ya maji siku 17.

Mjomba akauweka mfupa chini. "Kumi na saba," akarudia. Kisha akainuka kwenda ndani kumwangalia Bibi, ingawa Bibi hakuwa ameita.