Tulivyolipia Bima ya Kaya kwa Fedha za Dagaa, Igombe

Kwa sisi tunaoishi kwa dagaa hapa Igombe, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, fedha hufuata giza. Wavuvi huingia ziwani na taa zao usiku usio na mbalamwezi, nasi wanawake tunaanika asubuhi. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hukaa mwaloni na mifuko hukauka. Ndiyo maana shilingi 30,000 za CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambazo wakati huo zilitosha kaya ya watu sita kwa mwaka mzima, zilinishinda kwa muda mrefu, kwa kuwa zilitakiwa kwa mkupuo.

Njia tuliipata ndani ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Niliomba tuwe na fungu la bima, mbali na hisa na mfuko wa jamii, ambalo kila mwanachama angelichangia kidogo kidogo siku za giza, na siku za mbalamwezi asidaiwe. Baadhi walipinga, wakisema kuwa sera ya serikali imekwisha kuwasamehe malipo wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Ni kweli, nami nilinufaika nayo kliniki. Lakini mwanangu mkubwa alikuwa na miaka saba, na mama akishajifungua salama mwili wake haukomi kuugua. Hoja hiyo iliwageuza.

Fungu lilipotimia, afisa mwandikishaji alitufuata kwenye vichanja, akaingiza majina katika simu yake na kumpiga picha kila mmoja. Kitinda mimba wangu ilibidi kwanza nimfute magamba ya dagaa mashavuni. Alitusisitiza tuanzie zahanati, ndipo tupewe rufaa ya kwenda juu, hadi hospitali ya mkoa.

Faida niliyoiona zaidi ni kuwahi. Zamani mtoto akichemka usiku nilimsubiri baba yake arudi ziwani ndipo niombe fedha, na malaria haimngoji mtu. Sasa kukipambazuka naondoka na kadi, anapimwa damu na kuanza dawa mseto siku hiyo hiyo. Upungufu upo, kwani dawa zikiisha zahanati tunaandikiwa tukanunue dukani, na hilo linatuumiza sana.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipopitishwa mwaka 2023, hatukulivunja fungu letu. Tumekubaliana kuwachangia pia wajane wa mtaani wasio wanachama, na majina yao tumeyapeleka kwa mtendaji.