Alfajiri kwenye ukingo wa Meru

Kwetu Tanga mlima ni kitu cha kutazama kwa mbali. Watu huenda Lushoto kupunga upepo na kununua matunda, lakini kupanda mlima kwa makusudi, usiku, kwenye baridi, tumewaachia watalii. Nilipomwambia mama kwamba nakwenda kupanda Meru, akaniuliza, “Unafuata nini huko, mwanangu?” Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilichojua ni kwamba maisha yangu yalikuwa yamebaki kazini, nyumbani na sokoni, na kila jambo jipya nililikataa hata kabla mtu hajamaliza kunieleza.

Meru ni mlima wa pili kwa urefu Tanzania, una zaidi ya mita 4,500. Safari huanzia Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye mita 1,500 hivi. Hutembei bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana nyati wako njiani kweli. Hatujafika mbali, askari wetu akainua mkono. Tukasimama kimya. Nyati dume alikuwa amejilaza kwenye majani karibu na njia, masikio yanacheza kufukuza nzi, anatutazama. Tulizunguka taratibu, mmoja nyuma ya mwenzake.

Lakini siku ile ya kwanza kilichonitaabisha zaidi ya nyati ni begi langu. Mpagazi aliyelichukua alikuwa mwanamke, na kwa umri alinizidi. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa hawezi kubeba mzigo huku mdogo anatembea mikono mitupu. Ukionekana hivyo mtaani kwetu, watauliza wewe ni mtoto wa nani. Nikamwambia, “Dada, nipe japo nusu.” Alikuwa anakunja kanga yake kutengeneza ngata, akaiweka kichwani, akapandisha mzigo juu yake, akasema, “Hii ni kazi yangu, mdogo wangu. Wewe beba pumzi yako.” Akaniacha nyuma. Nilipofika Miriakamba, kituo chetu cha kulala usiku wa kwanza, nikihema, yeye alikuwa ameshakaa, anakunywa chai. Nilimpa heshima ya aina nyingine kabisa kuanzia hapo. Wapagazi wa milima yetu wanastahili kutajwa kila mtu anaposimulia kilele chake.

Kesho yake tulipanda hadi vibanda vya Saddle, juu ya mita 3,500. Pale kichwa kinaanza kugonga na chakula hakipiti, kwa sababu hewa ni nyepesi. Tulilala mapema, tukaamshwa saa saba usiku.

Huwezi kuelewa baridi ile ukiwa mtu wa bahari. Tulifuata ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkano, kwa mwanga wa tochi za kichwani. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima huu uliporomoka, ukaacha ukuta mrefu wenye umbo la kwato, na njia inapita juu ya ukuta huo. Kushoto kwangu kulikuwa na giza lisilo na mwisho. Mbele kidogo ya Rhino Point kuna mwamba ulioinama ambao lazima uuvuke kwa mikono na miguu. Magoti yakalegea. Nikamwambia mwongozaji, “Kaka, mimi naishia hapa.”

Nilitegemea anibembeleze au anikemee. Akasema tu, “Sawa, dada. Kaa upumue, halafu utaamua mwenyewe.”

Nikakaa. Maneno hayo yaliniingia. Tangu utotoni kuna mtu wa kunisukuma au wa kunizuia, na mara nyingi hunizuia kwa mapenzi kabisa. Sikumbuki lini niliwahi kuogopa kiasi kile halafu nikaachiwa nafasi ya kuamua bila mtu kunisimamia. Hofu haikuondoka. Ila niliweza kuitazama kama kitu kilichokuwapo pale, kama mwamba wenyewe ulivyokuwapo. Nikainuka, nikaweka mkono, halafu mguu.

Alfajiri ilitukuta bado tuko ukingoni. Maji ya kwenye chupa yalikuwa machache na yameanza kuganda. Nikavua glovu, nikapiga viganja kwenye vumbi la majivu ya volkano, nikatayamamu. Vumbi lenyewe lilikuwa laini, la kijivu, baridi kama barafu. Niliswali nikiwa nimeelekea kaskazini, na mkono wangu wa kulia anga lilikuwa linapasuka rangi nyuma ya Kilimanjaro. Nimeswali maisha yangu yote. Pale nilisema alhamdulillahi nikajua ninashukuru nini hasa.

Kileleni, panapoitwa Socialist Peak, tulikaa muda mfupi tu kwa sababu ya upepo. Chini ndani ya kasoko unaona kilima cha majivu kikiwa kimesimama peke yake. Mlima huu ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Kuteremka kunaumiza magoti, na mwamba ule mchana unaonekana vizuri zaidi, jambo ambalo si faraja.

Binti wa dada yangu ameomba tufuatane safari ijayo. Nimemwambia aanze kuzoea viatu na kupanda ngazi kila siku. Masika yakiisha, Mungu akipenda, tutakwenda pamoja, na nimeshampigia yule dada mpagazi kumuuliza kama Juni atakuwa na nafasi.