Mama wa viazi, Uyole

Nimetoka Uyole sasa hivi kufuata viazi. Baridi inakata masikio.

Kijana mmoja kaja juu kweli: "Mama umeniibia! Chini umejaza vidogo!"

Watu tukajaa. (Mbeya kwa kujaa hatujambo.)

Mama kimya. Kaweka chini sindano ya kushonea magunia, uzi unaning'inia, akamtazama tu mpaka maneno yakamwishia.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Ndiyo."

"Gunia lako lile pale. Hili la mwenzio."

Nikaikumbuka Mithali 18:13: "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake."

Angeweza kumchana mbele ya umati, na tungemshangilia. Wala! Kamsaidia kujitwisha.

Haya, nyie mngevumilia? Mimi naona ningerusha kiazi. Semeni ukweli 😅