Hita ya gesi ikigoma, isikilize kabla hujaifungua

Hapa nazungumzia hita ndogo ya ukutani isiyo na tangi, ile inayojiwasha kwa betri ukifungua bomba la maji ya moto. Maji yakitoka baridi, wengi hukimbilia kubadilisha mtungi, na mara nyingi mtungi hauna kosa. Fungua bomba, tega sikio.

Kimya kabisa, hata cheche hazilii? Gesi bado haijahusika. Tatizo ni betri au maji. Betri kwa kawaida ni mbili kubwa za volti 1.5, jumla volti 3. Zipime bomba likiwa wazi, maana betri iliyochoka husoma vizuri ikipumzika, ikipewa kazi inaanguka. Za kuchaji hutoa volti 1.2 tu kila moja, hazifai. Kutu kwenye vibati vinavyogusana na betri ikwangue kwa msasa.

Kwa upande wa maji, hita nyingi hazishtuki mtiririko ukiwa chini ya lita 2.5 hivi kwa dakika. Kinga chupa ya lita moja: ikizidi sekunde 24 kujaa, maji ni machache. Kagua kwanza kichwa cha shawa, kisha funga maji, legeza nati ya bomba la baridi linaloingia kwenye hita, chomoa kichujio na ukisugue kwa mswaki.

Bado kimya? Ndani kuna kiwambo cha mpira. Maji yakipita hukisukuma, nacho husukuma pini inayoamsha swichi. Kikitoboka, hata tundu la sindano tu, presha hulingana pande zote mbili na pini haisogei. Usihangaike kukiziba kwa gundi. Weka kipya cha kipenyo kilekile. Pini iliyokwama kwa chokaa isafishe kwa siki.

Cheche zikilia bila moto, sasa ndiyo zamu ya gesi. Mtungi ukiwa umebadilishwa karibuni, mpira wa gesi una hewa; fungua na kufunga bomba la maji ya moto mara kadhaa. Regyuleta, kile kifaa cha mtungini kinachopunguza presha ya gesi, iwe ya presha ndogo, milibari 30 hivi, si ile ya majiko makubwa. Na betri dhaifu zinaweza kutoa cheche lakini zikashindwa kuvuta valvu ya gesi, kwa hiyo usizisahau.

Moto ukiwaka ukazimika baada ya sekunde chache, futa masizi kwenye kijiti kinachohisi moto, kwa msasa laini. Ukizimika baada ya dakika 20, huenda si ubovu: hita nyingi zimetegwa hivyo kwa usalama.

Moto wa njano badala ya bluu ni habari nyingine. Zima, usioge. Huo unaweza kutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua. Bomba la moshi na vichomeo vikaguliwe na fundi. Ukinusa gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote ya umeme. Na kiungo chochote cha gesi ulichokifungua kipake maji ya sabuni: yakitoa mapovu, kinavuja.