Nilivyoiona Venice bila kubanwa na umati

Kila niliyemwambia naenda Venice alinipa ushauri uleule: lala Mestre, bara, huko vyumba ni nafuu, kisha uwe unaingia mjini kwa treni asubuhi na kurudi jioni. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo. Ukiufuata utaingia na maelfu ya wenzako, utatoka nao, na kikubwa utakachokuwa umekiona ni migongo ya watu.

Mimi nilipanga chumba Cannaregio, ndani ya mji wenyewe. Bei ilikuwa juu kidogo, sikatai, na ile ada ya kuingia ya watalii wa kutwa iliyoanza 2024 haitozwi mgeni anayelala mjini, wala anayelala Mestre. Kinachotakiwa ni kujisajili mapema tu. Mwenye nyumba muulize kanisa au daraja lililo karibu naye, maana namba za nyumba hazifuati mtaa. Zinazunguka wilaya nzima na kufika maelfu.

Alfajiri nikawa Piazza San Marco, uwanja mkuu wa mji. Wafagiaji, njiwa, na mimi. Niliwatazama kwa raha zangu wale farasi wanne juu ya mlango wa Basilika, kanisa kuu la San Marco. Hao wa nje ni nakala. Wa asili, waliotekwa Constantinople mwaka 1204, wamehifadhiwa ndani.

Sasa sikieni kuhusu mnara, kwani hapo ndipo ninapojivunia. Jua lilipopanda, foleni ya mnara wa San Marco ilikuwa imeshajikunja kama nyoka. Sikujiunga nayo. Nilikwenda kituo cha San Zaccaria, nikapanda vaporetto, boti ya abiria, namba 2, nikashuka kituo kinachofuata: kisiwa cha San Giorgio Maggiore. Kanisa la pale, kazi ya msanifu majengo Palladio, lina mnara wake na lifti, na tiketi ni euro chache. Tulikuwa watu wachache sana juu. Mbele yangu Venice yote: Kasri la Doge (mtawala wa Venice ya zamani), kuba za Basilika, na ule mnara mrefu wa matofali ulioporomoka 1902 ukajengwa upya na kufunguliwa 1912. Waliopanga foleni kule chini yake nao niliwaona, wamesimama palepale nilipowaacha! Nilikaa hadi kengele zikalia, na zinalia kweli, zibeni masikio.

Gondola la kitalii, euro 90 na zaidi kwa nusu saa, sikulipanda. Kuna traghetto, gondola la kuvusha watu Mfereji Mkuu kwa euro mbili hivi. Nilipandia Santa Sofia nikashukia soko la Rialto. Safari ni fupi mno, lakini mtikisiko wa maji unausikia miguuni, na wapiga makasia wawili wanapishana na maboti ya mizigo kwa ustadi wa ajabu.

Begi kubwa la magurudumu msije nalo. Karibu kila daraja lina ngazi, na madaraja ni mamia.