Ngata ya Kaliua: Safari ya Tabora hadi Ujiji

Tiketi yangu iliandikwa kiti cha dirishani, lakini nilipopanda basi alfajiri pale Tabora nilikuta kiti kimeshauzwa kwa mtu mwingine, nami nikasogezwa nyuma kabisa, magoti yakigusa kidevu. Nauli nilikuwa nimelipa kamili. Nilinyamaza kwa sababu safari hii nilikuwa nimeitamani tangu utotoni, kwani babu alikuwa akitusimulia kwamba wazee wake waliipita njia hii kwa miguu, Bagamoyo hadi Ujiji, wakiwa na mizigo vichwani na mabegani.

Ya Urambo sina la kusema, kwa maana nililala. Tulipoipita Kaliua kwa mwendo wa saa moja hivi, springi ya nyuma ilikatika kwa mshindo na basi likaegemea upande. Kondakta alisema dakika kumi. Saa nne ikafika, saa sita ikapita, maji ya chupa yakapandishwa bei mara mbili na kijana mmoja aliyetokea na baiskeli, na bado fundi alikuwa akisubiriwa.

Bibi mmoja aliyekaa karibu nami alichoka kungoja. Alikuwa ametoka kwa mwanawe mwenye mizinga ya nyuki, amebeba dumu la lita 20 lililojaa asali, na kijijini kwake, alisema, hapakuwa mbali. Nilimwamkia, nikamwomba nimsaidie.

“Utaweza, mjukuu wangu?” aliuliza, huku akiutoa mfukoni utepe wa khanga kuukuu. Aliuzungusha vidoleni mara tatu, akapenyeza ncha ndani, akaikandamiza ngata ile utosini mwangu kwa viganja vyote viwili. “Usiinamishe shingo. Angalia mbele, si miguuni.”

Asali ni nzito kuliko maji. Dumu la lita 20 hufikia kilo 28 hivi. Mzigo wa mpagazi, kwa desturi ya misafara, ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei: pembe za ndovu kwenda pwani, nguo, shanga na nyaya za shaba kurudi bara. Haya niliyajua kwa kuyasoma. Shingo yangu iliyajua siku ile, kwani katika mwendo usiozidi nusu saa nililitua dumu mara nne, na kila nilipolitua bibi alisimama kimya kando ya mti wa mninga akiningoja, bila kunicheka wala kunihimiza. Nikawaza juu ya Wanyamwezi wa kwetu, ambao kutoka pwani hadi Ujiji walitembea takribani kilomita 1,200, wakivuka mto Malagarasi, wengine wakiugua na kuachwa njiani.

Tulipofika alinipa maji ya mtungini na kipande cha muhogo, akakataa katakata nimrudishie ngata mkononi. “Shika, huko liliko basi kuna mizigo mingine. Utairudisha ukipita.”

Basi liliondoka alasiri. Hakuna aliyerudishiwa hata shilingi.

Ujiji nilikaa siku mbili. Nilikwenda penye mnara wa kumbukumbu ya mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone, na miembe iliyopo ni mizuri na kivuli chake ni baridi, ila ziwa limesogea mbali na mahali hapo. Majina ya wageni wawili hao yanatajwa kila mahali. Mimi nilikuwa namtafuta mpagazi mmoja tu kwa jina lake, kwa sababu bila mabega ya wapagazi Stanley asingefika, na hata mwili wa Livingstone mwenyewe ulibebwa na watumishi wake, akina Susi na Chuma, hadi Bagamoyo, ukafika mwaka 1874 baada ya kupitia hapa kwetu Tabora, Unyanyembe ya zamani.

Wakati wa kurudi nilimwomba dereva asimame pale kijijini japo kwa dakika moja. Alisema tumechelewa, akapita kwa kasi, nami nikaona mninga ule tu. Ngata bado iko kwangu Tabora, haijafunguliwa, na inanukia asali.