Siku moja maishani mwangu: kupanda Kuranda kwa treni, kushuka kwa waya

Saa 11 alfajiri. Mvua ya Februari imenyesha usiku kucha hapa Cairns, Australia. Kwetu tunaoongoza wageni, hiyo ni habari njema: leo maporomoko ya maji ya Barron yatanguruma.

Saa 2:30 treni ya kwenda Kuranda, kijiji cha mlimani, inaondoka. Kundini mwangu yumo bibi wa Mombasa aliyekuja kumtembelea mwanawe. Nilipomwambia "Shikamoo, mama," akanishika mkono asiniachie.

"Marahaba, mwanangu! Hata huku mpo?"

Saa 3 na ushei tunaanza kupanda, na mahandaki yanafuatana: yako 15. Hapa huwa sina haraka, maana reli hii ilizaliwa na njaa. Mwaka 1882 mvua ilifunga njia, wachimbaji wa bati kule Herberton wakaishiwa chakula. Ndipo milima ikapasuliwa kwa sululu, koleo na baruti kuanzia 1886, na treni ikafika Kuranda 1891. Wengi walikufa kazini. Darajani Stoney Creek, maporomoko yako karibu mno hata matone yakaingia dirishani. Bibi akajipangusa uso kwa mtandio, anacheka.

Ardhi hii ni ya Wadjabugay. Maporomoko ya Barron wao huyaita Din Din, na ndilo jina ninalolitaja kwanza.

Saa 4:25 Kuranda. Soko, chai, chakula.

Saa 7 mchana tunapanda kile kichumba cha vioo kinachoning'inia kwenye waya, safari ya kilomita 7.5 kupita juu ya msitu.

"Na hizi nguzo walizifikishaje humu?"

"Kwa helikopta, mama. Mafundi wakija kwa miguu kila siku. Barabara haikukatwa."

Hilo ndilo linalonifanya niipende kazi hii. Nimekulia Amani, Muheza, chini ya miti mirefu, lakini vilele vyake sikuwahi kuviona mpaka nilipokuja huku. Kutoka juu unaona kangaga zimejishika matawini kama vikapu; majani makavu yanadondokea humo, yanaoza, nazo zinajilisha kwa mbolea hiyo. Shamba zima, na halijagusa ardhi.

Kituo cha Red Peak, mita 545 juu ya usawa wa bahari, tunashuka na kutembea kwenye njia ya mbao. Kisha mteremko, bahari mbele.

Bibi alikuwa kimya muda mrefu. Mara kasuku weupe wawili wakapita, chini ya miguu yetu.

"Subhanallah," akasema, akaniachia mkono ili aegemee kioo.